Anayeuliza Mara ya Tatu

Mji wa Tabora, ambao wageni wa karne ya kumi na tisa waliuandika kwa jina la Kazeh na ambao wasafiri wa pwani waliutaja zaidi kwa jina la nchi yake, Unyanyembe, haukujengwa ufukoni mwa bahari wala ukingoni mwa mto mkubwa, bali ulijengwa mahali ambapo njia zilikutana na kuachana. Njia kuu iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo ilipofika hapo iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine ilishika kusini-magharibi kuelekea nchi ya Ufipa. Kwa sababu hiyo, mtu aliyewasili Tabora aghalabu hakuwa amefika aendako. Alikuwa amefika mahali pa kupumzika, kuajiri wapagazi wapya, na zaidi ya yote kuuliza. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia tarehe 7 Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu wa kabila la Harthi, na ilikuwa katika mazungumzo naye ndipo walipopata kuelezwa kwamba ziwa la Ujiji na ziwa la kaskazini si ziwa moja.

Habari zenyewe zilikwenda kwa miguu. Mfuko wa barua za Dakta Livingstone uliotiwa lakiri Unguja tarehe 1 Novemba 1870 haukumfikia Ujiji mpaka mwaka uliofuata, baada ya Stanley kuukuta umekwama Unyanyembe na kuuchukua katika msafara wake. Baina ya mtu mwenye jibu na mtu mwenye haja ya jibu palikuwa na mwendo wa siku nyingi, na vita vya Mtemi Mirambo, na ajizi za wanadamu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo ukapungua sana. Ajizi za wanadamu hazikupungua, lakini hilo si kosa la reli.

Niliitumikia maktaba katika mji huu kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Huduma ya maktaba za umma nchini mwetu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967 na Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Tabora tangu mwaka 1937 hadi 1942. Na sisi tulioingia katika kazi hiyo baadaye tulifunzwa kupanga vitabu kwa namba za Dewey, kutunza kadi za azima, kushona majalada yaliyochanika na kumwongoza msomaji hadi kwenye rafu. Hakuna aliyetufunza kwamba itafika siku ambayo msomaji ataingia mlangoni bila kutaka kitabu chochote, akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani kama aliyeleta mgonjwa kwa tabibu, akasema: "Dada, hii fomu inanikataa."

Ikafika siku hiyo, na baada yake zikawa nyingi. Kijana aliyemaliza kidato cha sita alitaka kuomba mkopo wa elimu ya juu, na kabla ya kuuomba alitakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kabla ya kuhakikiwa alitakiwa apate namba ya malipo. Mama mwenye duka la asali alitaka kusajili jina la biashara. Mwalimu wa shule ya kata alitaka kuvifungua vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mhitimu alitaka kuweka maombi katika tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Wengi wao walikuwa wameanzia steshenari, kwenye kile kibanda cha kutoa kopi na kuskani, ambako kijana mwenye haraka aliwajazia kila kitu kwa malipo, akabaki na neno la siri kichwani mwake au katika daftari lake, na wao wakaondoka bila kujua alichokijaza. Siwalaumu watu wa steshenari. Wao huuza kazi iliyokwisha, wala hawakuahidi kuuza ilimu. Lakini aliyejaziwa leo hana budi kurudi kesho, na hiyo haikuwa kazi ya maktaba kama nilivyoifahamu.

Basi tulikuwa tukiwaelekeza mmoja mmoja, na katika kuwaelekeza huko ndipo nilipopata kuona jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu haya. Mtu huuliza mara ya kwanza kwa uso mkunjufu. Akisahau, huuliza mara ya pili kwa kuomba radhi, "Nisamehe dada, nimepotea tena." Mara ya tatu haulizi. Hukaa mbele ya kompyuta akijifanya anasoma, husogeza mausi huku na huku, hungoja uende kwenye rafu za mbali, kisha huinuka taratibu akaaga kwa taadhima kama mtu aliyekwisha kupata haja yake. Nilidhani mwanzoni kwamba hao walioaga ndio walioelewa. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, mtu wa makamo ya marehemu baba yangu, ambaye alikuwa akifuatilia mambo ya pensheni yake, ndiye aliyenifahamisha vinginevyo, maana niliporejea kutoka kwenye rafu nilimkuta mlangoni, nikamuuliza kama shauri lake limekwisha. Akaniambia, bila uchungu, "Mwanangu, shauri halijaisha. Ila mimi ni mtu mzima, na wewe umekwisha kunieleza mara mbili."

Jawabu lile lilinikaa moyoni. Si kwamba tuliwakemea watu, tulikuwa wapole. Lakini upole wa mwalimu hauondoi haya ya mwanafunzi, na pengine huizidisha, hasa ikiwa mwanafunzi ni mzee na mwalimu ni mtoto wa jirani. Katika jamii yetu, ambamo mkubwa ndiye afunzaye na mdogo ndiye aambiwaye, simu imepindua daraja, na kila siku mamia ya watu wazima hulazimika kukaa mahali pa mtoto. Mtu wa namna hiyo huhitaji mwalimu ambaye hana uso.

Habari ya mwalimu asiye na uso niliisoma katika mkasa wa Salman Khan, yule Mmarekani mwenye asili ya Bangladesh ambaye mwaka 2004, akikaa Boston, alianza kumsomesha hesabu binamu yake Nadia aliyekuwa New Orleans, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo hayo YouTube. Binamu zake, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, walimwambia kwamba walimpenda zaidi akiwa kwenye video kuliko akiwa nao ana kwa ana. Wengi husimulia kisa hicho kwa kucheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilimkumbuka mzee wangu. Watoto wale waliweza kumsimamisha, kumrudisha nyuma na kumsikiliza tena, wala hapakuwa na mtu wa kuona kwamba wanarudia.

Hivyo nikaanza kurekodi kioo. Kompyuta yetu moja ilipakiwa OBS Studio, programu isiyouzwa ambayo imekuwapo tangu mwaka 2012, nayo hunasa kila kinachotokea kwenye kioo pamoja na sauti ya anayesema. Na kwa mambo yanayofanywa kwenye simu nilitumia simu yenyewe, kwa kuwa simu janja nyingi za siku hizi zina uwezo huo ndani yake. Ufundi wa kubonyeza kitufe cha kurekodi mtu hujifunza kwa dakika chache, na sina la kuongeza juu yake. Ugumu uko kwingine.

Ugumu wa kwanza ni kwamba mkono unajua mambo ambayo kinywa hakiyajui. Mtu aliyezoea kompyuta hubonyeza mara mbili hapa na mara moja pale, hurudi nyuma, hufunga kijidirisha kilichojitokeza bila kuitwa, na yote hayo huyafanya bila kuyapitisha katika fikra, hata ukimwuliza amefanya nini atakuambia, "Nimefungua tu." Neno hilo "tu" limewapoteza watu wengi. Kwa hiyo nilijilazimisha kuandika kwanza kwenye karatasi kila hatua, na kisha kumpa karatasi ile mtu asiyeijua kazi hiyo, aifuate mbele yangu huku mimi nimefunga mdomo; na ilipofika mahali akasita, hapo ndipo palipokuwa na hatua niliyoiruka. Kadhalika nilijifunza kukisogeza kishale polepole, kwa mstari, bila kukizungushazungusha. Maana jicho la mtazamaji hukifuata kishale popote kiendapo, na kikitangatanga nalo hutangatanga. Na kwa kuwa tovuti nyingi za shughuli hizi vitufe vyake vimeandikwa kwa Kiingereza, nilikuwa nikikitaja kitufe kwa rangi na mahali pake, "kile cha bluu kilicho chini, upande wa kulia", ili hata asiyeisoma lugha ile asikikose.

Ugumu wa pili ulikuwa wa adabu. Miongozo ya wataalamu niliyoipata husema mafunzo ya namna hii yaanze moja kwa moja, bila salamu wala utangulizi, kwa kuwa mtazamaji ana haraka. Yawezekana ni kweli huko ilikoandikwa. Hapa petu mtu anayeanza kukuamuru kabla ya kukujulia hali huonekana amekosa malezi, na mzee huweza kuifunga simu kabla hajafika kwenye faida. Nikaamua kuweka salamu fupi, na shikamoo kwa wakubwa. Na katika maelekezo yenyewe sikusema "bonyeza", "andika", "rudi". Nilisema "tunabonyeza", "tunaandika", "hapa tunarudi", kwa kuwa sikujua ni nani anayenisikiliza, naye angeweza kuwa shemeji yangu, au sheikh, au padri, au mama mkwe, na hao hawaamriwi. Kwa namna hiyo ikawa kama tuko wawili tunaoshughulika na jambo moja, bila amiri wala mtumwa.

Kuhusu sauti, naweza kueleza kwa kifupi: mvua ikianza kunyesha Tabora, na hunyesha tangu Novemba hata Aprili, paa la bati haliruhusu mtu kurekodi chochote; na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, ukifunga madirisha ili kuzuia kelele za bodaboda utatoka humo umeloa jasho. Nilirekodi asubuhi na mapema, kabla ya kufungua mlango wa wasomaji, na honi ya treni imo katika kazi zangu kadhaa. Sikuiondoa. Kuna mtu wa Urambo aliyewahi kuniambia kwamba alipoisikia alijua kuwa haya si maneno ya Dar es Salaam.

Maandishi chini ya picha yanadai neno refu zaidi, kwa sababu hapo nililazimika kwenda kinyume cha mwanachuoni mwenye sifa. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyojifunza kwa picha na maneno, ameonyesha kwamba mtu hujifunza vyema zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti na maneno yaleyale yakiwa yameandikwa pia, kwa kuwa jicho hugombaniwa na mambo mawili. Sina hujja ya kumpinga katika chumba chake cha majaribio. Lakini msomaji wetu huitazama video ndani ya maktaba, mahali ambapo kelele ni haramu, na wengi hawana visikilizi. Au huitazama nyumbani usiku watoto wamelala. Au ndani ya basi la Nzega ambalo dereva wake amefungulia muziki. Sauti haipo. Basi niliandika maneno machache chini, si yote niliyoyasema, bali yale tu ambayo asiyesikia hawezi kuyakosa.

Nikaja kwenye jambo ambalo naliona ndilo lililonipa faida kubwa kuliko yote, na nililipata katika habari za misafara ya kale, si katika vitabu vya kompyuta. Waliopita njia ya Unyanyembe wameandika juu ya kirangozi, yule kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara na bendera, amevaa mavazi ya kujipamba, ambaye hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Msafara ulikuwa mrefu, na wenye mizigo mizito, ambayo kila mmoja ulikaribia frasila mbili, walibaki nyuma mbali wasimwone. Kwa ajili ya hao, kila njia ilipogawanyika, wa mbele walikata matawi au majani wakayalaza juu ya njia isiyokuwa yao, au wakapiga mstari mchangani kwa mguu, ili ajaye peke yake saa mbili baadaye ajue kwamba huku sipo. Fikiri vizuri hila hiyo: kirangozi hakujisumbua kuipamba njia ya kweli, ambayo nyayo za watu zilikwisha kuionyesha, aliizuia ya uongo.

Video nyingi za mafunzo nilizozitazama, za kwetu na za ng'ambo, huonyesha njia ya kweli peke yake. Mwalimu hujaza, hubonyeza, hufaulu, huaga. Anayemfuata hujaza, hubonyeza, na kioo humtolea maandishi mekundu ambayo mwalimu hakuwahi kuyataja, na kuanzia hapo yu peke yake porini. Nikaacha mtindo huo. Nilirekodi nikiandika jina kwa mpangilio tofauti na ule wa cheti, ili maandishi mekundu yatokee mbele ya mtazamaji, nikamwonyesha maana yake na namna ya kurudi. Nilionyesha kinachotokea picha ya pasipoti inapokuwa kubwa kupita kiasi kilichowekwa. Nilionyesha ukurasa ukigoma kwa sababu mtandao umekatika, na jinsi ya kujua kama malipo yamepokelewa au la kabla ya kulipa mara ya pili. Na hiyo ya malipo, kwa sababu ambazo kila mwenye kuhesabu shilingi zake atazifahamu, ndiyo iliyosambaa kuliko zote.

Ilinibidi pia kuangalia sana suala la amana. Mtu anayekujia na fomu yake hukufunulia namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mtihani, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yake, na mara nyingine hali ya umaskini wa nyumba yao, kwa kuwa fomu ya mkopo huuliza hayo yote. Rahisi kuliko yote ingekuwa kurekodi wakati wa kumhudumia, akiridhia. Na wengi wangeridhia, kwa kuwa mwenye shida huridhia kila kitu. Nilikataa. Nilitumia majina ya kubuni na kurasa zisizotumwa, na pale ambapo tovuti haikukubali kitu cha kubuni nilisimama kabla ya kupafika, nikaeleza kwa mdomo kinachofuata, na yale yaliyopaswa kusitirika nikayafunika kwa kibandiko cheusi. Na katika kila video, mahali pa neno la siri, nilinyamaza kidogo kisha nikasema kwamba hili ni la mwenyewe, asipewe mtu wa steshenari, wala mtoto wa nyumbani, wala mimi.

Kazi hizo zilikuwa fupi, dakika mbili hivi, na kila moja ilijibu swali moja. Ufupi huo ulitokana na bando zaidi kuliko falsafa yoyote. Kioo cha kompyuta hakichezi kama mpira wa miguu. Picha 10 kwa sekunde zinatosha, na kwa kiasi hicho dakika moja huweza kukaa katika megabaiti mbili au pungufu, mtu akaituma WhatsApp bila kumfilisi mwenzake. Nyingine hazikupita mtandaoni kabisa: mwalimu wa Sikonge alikuja na kadi ya kumbukumbu, akajaza, akaenda kuwagawia walimu wenzake simu kwa simu. Wenye simu za kitochi hatukuwa na la kuwapa isipokuwa kompyuta ya maktaba na kiti cha pembeni, kilichogeuzwa ili kioo kisionekane na apitaye.

Mwenzangu mmoja kazini, mtu makini sana, alikuwa na wasiwasi kwamba tukizigawa namna hiyo chumba cha kusomea kitabaki kitupu na wakubwa watauliza tunalipwa kwa kazi gani. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Walioacha kuja walikuwapo, wale waliokuwa na swali dogo. Lakini wakaja wengine wenye maswali ambayo hakuna video inayoyamaliza: jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na la shule, baba alifariki na cheti cha kifo hakikuchukuliwa, mtoto alilelewa na bibi na fomu haina mahali pa bibi. Kuyashughulikia hayo kulihitaji saa nzima ya kukaa na mtu, na ile saa ilipatikana kwa kuwa hatukuwa tukieleza tena, kuanzia asubuhi hata jioni, mahali pa kubonyeza.

Nisipitie bila kuitaja ile iliyonifurahisha mwenyewe, ingawa watazamaji wake walikuwa wachache. Mwanafunzi wa chuo kimoja hapa mjini alikuwa akiandika juu ya misafara, na alikuwa akiamini kwamba yote yaliyoandikwa juu ya njia hiyo yaliandikwa na Wazungu kwa Kiingereza. Nikamrekodia namna ya kuvitafuta vitabu vya kale vilivyokwisha kuwa huru, katika hazina ile iitwayo Internet Archive, ambayo Brewster Kahle aliianzisha Marekani mwaka 1996: namna ya kuandika neno la kutafuta kwa tahajia za zamani, kuchagua mwaka, kufungua kurasa bila kupakua kitabu kizima. Nilimtajia "Safari za Wasuaheli", iliyokusanywa na Carl Velten na kupigwa chapa mwaka 1901, ambamo Waswahili wenyewe husimulia safari zao za bara. Nikamtajia na maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyosimuliwa naye kwa Kiswahili, mtu ambaye baba yake alioa binti wa Mtemi Fundikira na kuweka maskani hapahapa Unyanyembe. Kijana akarudi baada ya muda akiwa na hasira, na hasira zake zilikuwa za haki: alitaka kujua kwa nini alisoma katika mji huu miaka yote hiyo bila mtu kumwambia.

Tatizo la kazi hizi ni kwamba huzeeka upesi, na kuzeeka kwake si kama kwa kitabu. Kitabu cha zamani huheshimika. Video ya zamani hupoteza watu. Tovuti hubadilishwa kila msimu, kitufe cha bluu huwa cha kijani na kuhamia juu, na wakati huohuo nakala ya mwaka juzi bado inatembea kutoka simu hadi simu, Kaliua, Igunga, Mpanda, wala hakuna awezaye kuirudisha. Kuna ofisi moja ambayo maelekezo yake ya zamani yaliendelea kuzunguka hivyo hata watu wakalipa ada katika namba iliyokwisha kufutwa. Tangu hapo kila video yangu huanza, mara tu baada ya salamu, kwa mwezi na mwaka, kama barua, na humwambia mtazamaji kwamba mwaka ukipita aje achukue nyingine. Kila msimu wa maombi ulipokaribia nilikaa nikazipitia zote, nikafuta zilizokufa. Kufuta huko sikukupenda, nakiri, lakini mwenye kuona uchungu wa kufuta asiingie katika shughuli hii.

Sasa kazi hiyo iko mikononi mwa kijana aliyenirithi, mwepesi wa mikono kuliko mimi na mwenye kuijua kompyuta kuliko nitakavyoijua aushi yangu yote. Tulihojiana sana juu ya salamu. Yeye alishikilia kwamba vijana huiruka, nami nikashikilia kwamba wazee huingoja. Alichokifanya ni kurekodi ya mkopo bila salamu na ya pensheni yenye salamu, na nikaona kwamba hukumu yake imezidi yangu. Mzee wa reli, ambaye sasa huitazama yeye mwenyewe bila mjukuu, alinipigia simu kuisifu kwanza, kwamba yule wa kwenye simu hachoki, "lakini ninyi mnachoka, ila mnaficha", kisha akaniagiza nimfikishie kijana malalamiko mawili: kwamba anasema haraka, na kwamba baada ya kubonyeza kitufe cha mwisho haelezi mtu angoje muda gani kabla ya kuuliza tena. La kwanza kijana amelirekebisha. La pili amelipeleka kwa barua kwenye ofisi inayohusika, na mpaka ninapoandika haya hawajamjibu.